Makunyanzi ya Dobi

Kwa miaka kumi na tisa Séraphine alikuwa akiosha nyuso za wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, na hapakuwa na kunyanzi la bibi wa Kiswidi ambalo hakupata kulipitishia kitambaa cha maji ya vuguvugu. Kwa hiyo siku ya Alhamisi, wakati wa mapumziko ya asubuhi, alipokifungua kitabu cha maonyesho alichotumiwa na binti yake, hakuhitaji hata kuvaa miwani ili ajue kwamba uso uliokuwa juu ya jalada una jambo. Uso ulikuwa wa mwanamke wa miaka sitini. Shingo ilikuwa ya msichana.

Alikisogeza kitabu dirishani. Pembeni mwa macho makunyanzi yalitawanyika kama nyayo za kuku. Kutoka puani hadi pembe za mdomo ilishuka mifereji miwili. Juu ya mdomo zilisimama nyufa ndogo ndogo, kama za mtu aliyevuta kiko maisha yake yote. Lakini ndewe ya sikio ilikuwa imejaa na kukaza, ilhali wazee aliowaosha kila siku ndewe zao zilikuwa zimelegea na kurefuka. Na ngozi ya chini ya kidevu, mahali ambapo umri haumwonei mtu haya, haikuwa na hata alama. Séraphine alikifunga kitabu, kisha akakifungua tena. Chai yake ilipoa bila kuguswa.

Picha hiyo ilipigwa Stockholm mwaka 1889 na mwanamke aliyeitwa Valborg Ekestam. Zama zile palikuwa na wanawake kadhaa mjini humo waliofungua studio zao wenyewe na kujipatia riziki kwa kupiga picha za nyuso za watu, na Ekestam alikuwa mmoja wao. Aliwapiga picha wake wa mawaziri, waimbaji wa opera na mabinti wa wenye viwanda. Aliyekaa katika picha hii hakuwa miongoni mwa hao. Alikuwa dobi, mwanamke wa kufua nguo za watu, na jina lake halikuandikwa popote.

Aliyemtoa dobi huyo ghalani, baada ya miaka mia na zaidi, alikuwa Nicole, binti yake Séraphine. Nicole alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na shahada ya udaktari katika historia ya sanaa, na kwa miaka mitatu jumba la makumbusho lilikuwa likimpa mikataba ya miezi sita sita, kama mtu anayepewa maji kwa kijiko. Sasa ilikuwa imepatikana nafasi moja ya kudumu. Ijumaa saa nane mchana, siku ya kufungua maonyesho, Nicole angetoa mhadhara mbele ya kamati ya watu watano, na kwa mhadhara huo kamati ingeamua.

Mhadhara wote ulisimama juu ya picha ile moja. Nicole alidai kwamba Ekestam, aliyeishi kwa kuzilainisha nyuso za matajiri, alipomketisha dobi mbele ya kamera aliiweka chini penseli yake ya kurekebishia picha, asifute kunyanzi hata moja, akauacha uso wa maskini useme ukweli wake wenyewe. Ndiyo maana maonyesho yaliitwa *Uso Usioguswa*, na jina hilo lilikuwa tayari limechapwa juu ya bango refu lililoning'inia mbele ya jumba.

Jioni Séraphine alimpigia simu. Nicole alikuwa dukani akijaribu viatu, naye, kama ilivyokuwa desturi yake tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili, alijibu kwa Kiswidi kila aliloulizwa kwa Kiswahili. Séraphine alimwambia kwamba yule dobi si mzee. Nicole alicheka. Alisema kwamba watu maskini wa zamani walizeeka mapema, na kwamba hilo ndilo lililomo katika ukurasa wa nne, kama Mama angejaliwa kuufikia. Kisha akamsihi avae kile kitenge chake cha buluu, afike mapema, na kwa hisani yake asimwambie mkurugenzi kwamba binti yake bado hajaolewa, kwa maana mara ya mwisho alimwambia mara mbili.

Séraphine alikata simu akiwa na neno kooni. Neno lenyewe lilikuwa la miaka mingi. Huko Uvira, mashariki ya Kongo, alipokuwa na miaka ishirini na miwili, aliajiriwa katika studio ya mzee Mwamba, fundi aliyerithi kwa Wabelgiji kamera kubwa ya miguu mitatu, akaitumia kwa mabamba ya kioo alipoyapata na kwa filamu alipoyakosa. Mzee Mwamba alipiga, Séraphine alirekebisha. Kazi hiyo waliiita retushi. Aliketi dirishani na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, na pembeni yake kisu chembamba, akafuta chunusi za mabwana harusi na makovu ya wake wa makarani. Nicole alijua tu kwamba zamani mama yake alikuwa akifanya kazi dukani. Séraphine hakupata kumsahihisha, naye alikuwa na sababu.

Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kufika makumbusho, amevaa kitenge cha buluu chini ya koti la baridi. Nicole hakuwapo, alikuwa akizungumza na watu wa gazeti. Aliyemfungulia mlango wa wafanyakazi alikuwa Jasmin, mhifadhi wa picha, msichana aliyezaliwa Tensta, kitongoji cha Stockholm, na mama wa Tanga na baba Mswidi.

"Shikamoo, mama," alisema Jasmin, akiinamisha kichwa.

Séraphine, ambaye kwao Uvira watu huamkiana kwa jambo na kupeana mkono, alikuwa amejifunza kuitikia salamu hiyo katika sherehe za Watanzania, lakini kila mara ilimpa shaka kidogo, kama kiti cha mtu mwingine. Aliitikia marahaba. Kisha akasema kwamba amekuja kuliona bamba la dobi, bamba lenyewe la kioo lililopigiwa picha, si picha iliyochapwa.

Bamba lilikuwa katikati ya ukumbi mkubwa, juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kwa taa kutoka chini. Lilikuwa na ukubwa wa daftari la shule. Juu yake dobi alionekana kinyume: kilicho cheupe kilikuwa cheusi, na kilicho cheusi kilikuwa cheupe, hata nywele zake zilikuwa kama theluji na uso kama masizi. Séraphine aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha juu.

Alimwomba Jasmin aizime taa ya chini, amulike kutoka ubavuni. Jasmin alisita. Alieleza kwamba wageni wangeingia saa saba, na kwamba bamba halitakiwi kuguswa baada ya kuwekwa. Séraphine alimjibu kwamba hakuna aliyetaja kugusa. Ametaja kumulika, na tochi haina mikono. Jasmin akatabasamu bila kutaka. Aliizima taa, akawasha tochi ya simu yake, akailaza karibu na ukingo wa meza hata mwanga ukapita juu ya bamba kama jua la asubuhi linavyopita juu ya shamba lililolimwa.

Mistari ikasimama.

Ilikuwa mingi, myembamba kuliko unywele, yote imekusanyika usoni: pembeni mwa macho, puani, mdomoni. Shingoni hapakuwa na kitu. Juu ya shela na mikono hapakuwa na kitu.

Jasmin alinong'ona kwamba mikwaruzo hiyo ilijulikana. Ripoti ya miaka mingi iliyopita iliitaja kuwa uchakavu, na tangu wakati huo kila mtu alilitazama bamba kwa taa ya chini, kwa maana ndivyo linavyopendeza na ndivyo linavyonakiliwa.

"Uchakavu hauna adabu, mwanangu," alisema Séraphine. "Hupita popote unapotaka. Mstari huu umeanza kwenye pembe ya jicho, ukapungua uzito kadiri unavyoshuka shavuni. Umetoka mkononi mwa mtu."

"Mkononi mwa nani?"

Kabla hajajibu, mlango wa ukumbi ulifunguliwa, na Nicole akaingia akiwa amevaa viatu vipya, karatasi za mhadhara kifuani. Alitazama taa iliyozimwa, kisha tochi, kisha mama yake. Aliuliza kwa Kiswidi wanafanya nini. Séraphine alimwambia aje aone.

Nicole aliinama akaona. Séraphine, aliyemjua tangu alipokuwa mtoto wa mgongoni, aliuona mshipa wa shingo yake ukianza kucheza. Alipozungumza alisema neno lile lile la Jasmin, uchakavu. Ndipo Séraphine alipomweleza, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwenye bamba kila kitu ni kinyume. Ukitia penseli unaongeza weusi, na picha ikichapwa mahali hapo panang'aa, kunyanzi likatoweka. Ukikwangua kwa kisu unapunguza weusi, na picha ikichapwa hapo hapo panazaliwa mstari mweusi.

"Penseli huondoa, kisu huongeza," alisema. "Dobi huyu amechongwa uzee. Hakuwa na hata miaka thelathini."

"Umeyajua wapi haya?" Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Nicole aliuliza kwa Kiswahili.

"Nilikuwa fundi wa kazi hiyo."

"Ulikuwa unauza dukani."

"Duka lilikuwa studio."

Nicole alicheka, na kicheko hicho hakikuwa na furaha. Alisema kwamba ametumia miaka sita kusoma jinsi wanawake wa karne ile walivyofanya kazi katika studio. Amesafiri hadi Copenhagen na Berlin kutafuta barua ya fundi mmoja, fundi yeyote mwanamke, anayeeleza kwa maneno yake jinsi mkono unavyokwenda. Na muda wote huo fundi huyo alikuwa nyumbani Alby, ghorofa ya tano, akimpikia sombe ya majani ya muhogo. Kwa nini hakusema? Séraphine alisema kwamba hakuulizwa. Jibu hilo lilikuwa kweli na lilikuwa uongo, na wote wawili walilisikia hivyo.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Jasmin alikohoa. Alisema, akiyatazama mabamba mengine badala ya kuwatazama wao, kwamba wajibu wake ni kuandika katika kumbukumbu kile alichokiona. Lakini leo ni Ijumaa, na kumbukumbu huandikwa wakati mtu ana nafasi. Anaweza kupata nafasi Jumatatu. Nicole alielewa. Séraphine pia alielewa. Mhadhara ungepita, kamati ingeamua, na Jumatatu dobi angekuwa na umri wowote ambao ukweli ungempa.

"Nikilisema leo, nimelivunja bango lao, kitabu chao na mhadhara wangu kwa mdomo mmoja," alisema Nicole. "Nitasimama pale niseme nini, Mama? Kwamba mama yangu ameona?"

"Utasema ulichokiona wewe. Macho unayo."

"Na wakiniuliza kwa nini? Kwa nini mpigapicha achukue msichana amfanye bibi?"

Séraphine aligeuza uso. Alisema sababu ni nyingi, na hakutaja hata moja. Kulikuwa na uso mmoja ambao yeye mwenyewe aliuongezea miaka kwa kisu, dirishani kwa mzee Mwamba, na hakupata kumsimulia mtu. Si marehemu mumewe, si padri. Mficha uchi hazai, husema wahenga, lakini yeye alizaa na akaendelea kuficha. Nicole akazikusanya karatasi zake, akatoka bila kuaga.

Saa nane kasorobo ukumbi ulijaa. Wanakamati watano waliketi safu ya mbele. Katikati yao alikuwa profesa mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, ambaye Jasmin alimwonyesha Séraphine kwa kidevu, akimnong'oneza kwamba huyo hasomi kitabu bila kalamu nyekundu. Mkurugenzi alisimama karibu na mlango akipeana mikono na wafadhili. Séraphine aliketi safu ya tatu, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba litakalosemwa na Nicole ni la Nicole. Hata hivyo kitambaa cha kichwani kilikuwa kimelowa jasho.

Nicole alipanda jukwaani. Alianza kwa sentensi ile ile iliyokuwa katika kitabu: kwamba huu ni uso usioguswa. Aliendelea kwa sentensi ya pili na ya tatu, neno kwa neno, kwa sauti iliyonyooka. Alizungumza juu ya Ekestam, studio yake na mwanga wa dirisha la kaskazini. Dakika tano zikapita, kumi zikapita. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Mkurugenzi alikunja mikono kifuani na kutabasamu. Séraphine aliinamisha macho. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, aliwaza, na katika mawazo hayo kulikuwa na huzuni, na ndani ya huzuni, aibu ya mtu aliyepumua kwa nafuu.

Kisha Nicole akanyamaza.

Alinyamaza muda mrefu hata mtu mmoja nyuma akadhani amesahau, akakohoa ili kumsaidia. Nicole alimgeukia Jasmin, akamwomba azime taa ya meza. Jasmin alipowasha tochi na kuilaza ubavuni, kamera ndogo iliyofungwa juu ya bamba kwa ajili ya mhadhara ilirusha picha ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa, na mistari ya kisu ikasimama mbele ya watu mia moja na hamsini.

Nicole alisema kwamba sentensi aliyoianza nayo si ya kweli. Ameiandika yeye, ameitetea kwa miaka mitatu, na amekosea. Uso huu umeguswa kuliko uso mwingine wowote katika jumba hili. Alieleza habari ya penseli na kisu. Tabasamu la mkurugenzi lilibaki mahali pake, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuliacha.

Profesa hakungoja wakati wa maswali. Aliuliza, bila ukali na bila upole, Nicole amewezaje kutofautisha kisu na uchakavu, na amelijua jambo hili tangu lini.

"Tangu leo saa tano," alisema Nicole. "Aliyelitambua ni mama yangu. Yupo pale."

Kuna waliocheka, kicheko kidogo cha adabu, kama cha watu waliosikia mzaha wa harusini. Profesa hakucheka. Alizungusha kiti chake, akamtafuta Séraphine kwa macho, akamwomba asimame.

Kiswidi cha Séraphine kilikuwa kizuri kwa kazi yake; kiliweza kumtuliza bibi aliyeamka akimwita mume aliyekufa. Lakini kwa jambo hili alitaka lugha ambayo haitamteleza. Alisema kwa Kiswahili, na Nicole, jukwaani, akatafsiri sentensi baada ya sentensi. Alieleza jinsi mstari wa mkono unavyoanza kwa uzito na kuisha kwa wepesi. Alieleza shingo. Alieleza ndewe ya sikio, na hapo bibi mmoja wa safu ya pili alijishika sikio lake mwenyewe bila kujua. Profesa aliandika. Kisha akauliza swali ambalo Nicole alikuwa ameliuliza asubuhi. Kwa nini fundi afanye hivyo? Je, yeye mwenyewe amepata kufanya?

Nicole alilitafsiri swali, ingawa wote wawili walijua kwamba Séraphine alikuwa amelielewa.

Angeweza kusema hapana. Ukumbini hapakuwa na mtu wa Uvira. Alitazama mistari ukutani. Ilikuwa ya mkono wenye ujuzi, mkono usiotetemeka, na yeye alijua vizuri mkono usiotetemeka huwa unatoka wapi.

"Mara moja," alisema.

Nicole alitafsiri.

"Alikuwa anaitwa Flaviana. Baba yake alimleta studio. Alitaka kumwoza kwa mfanyabiashara, na serikali isingekubali, kwa sababu ya umri. Karatasi zilikuwa zinapelekwa Bukavu, kwa karani ambaye hakumwona ila pichani. Mzee Mwamba alimpiga picha. Kisu nilishika mimi."

Nicole alitafsiri, na sauti yake ilipungua kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri.

"Nilimtia miaka chini ya macho na hapa, pembeni mwa mdomo. Alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama. Aliniuliza kama kisu kinauma. Nilimwambia akae kimya, kwa maana nilikuwa nahesabu mistari. Alikuwa na miaka kumi na minne, nami nilijua."

Nicole hakutafsiri.

Ukumbi ulingoja. Isipokuwa Jasmin, hakuna mwingine aliyejua sentensi hizo zilizongoja mlangoni zimebeba nini. Séraphine alimwona binti yake akimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkuta ameketi kwenye meza ya nyumbani kwao. Ingekuwa rahisi kwa Nicole. Neno moja tu lingetosha: kwamba alilazimishwa, au kwamba hakujua. Kiswidi cha Séraphine kingelisikia neno hilo likiongezwa, na mdomo wake ungenyamaza, na hakuna ambaye angejua. Vidole vya Nicole vilikuwa vimeshika ukingo wa meza ya jukwaa.

Kisha akafumbua kinywa. Alisema kwamba mama yake alimtia mtoto miaka chini ya macho na pembeni mwa mdomo, na mtoto, akiwa amesimama nyuma yake akitazama, alimuuliza kama kisu kinauma, akaambiwa akae kimya, kwa maana mama alikuwa akihesabu mistari. Kwamba mtoto alikuwa na miaka kumi na minne. Kwamba mama yake alijua. Alizitoa sentensi zote kama zilivyokuja, bila kupunguza na bila kuongeza, na alipomaliza alikunywa maji.

Yaliyofuata aliyasema yeye mwenyewe, bila karatasi. Alisema kwamba sasa hawezi kumweleza mtu yeyote kwa nini Ekestam alimchonga dobi uzee. Huenda dobi aliomba, kwa kuwa mwanamke kijana anayeingia nyumba za watu peke yake hupata heshima zaidi akionekana bibi. Huenda Ekestam alitaka picha ya umaskini ya kuwauzia wale wale matajiri, na maskini aliyekuja hakuonekana maskini vya kutosha. Huenda kulikuwa na baba, au mume, au karani. Mkono wa Ekestam tunaujua. Moyo wake hatuujui, na yeye Nicole ameandika kitabu kizima kana kwamba anaujua. Alishuka jukwaani kabla ya muda wake kwisha. Makofi yalikuja kwa kuchelewa, na hayakuwa mengi.

Kamati ilijifungia kwa dakika arobaini. Mkurugenzi alipita mbele ya Séraphine mara mbili bila kumwona. Hatimaye profesa alitoka peke yake, akamwita Nicole kando ya ngazi, na Séraphine, aliyekuwa akivaa koti, aliyasikia mengi ya yaliyosemwa. Barua rasmi ingekuja Jumatano, na wawili kati ya watano walipinga, lakini nafasi ilikuwa ya Nicole. Kazi yake ya kwanza ingekuwa kuyapitia mabamba yote mia mbili ya Ekestam kwa taa ya ubavuni. Bango lingeshushwa kabla ya Jumamosi. Profesa aliongeza kwamba wangependa kurekodi maelezo ya mama yake, kama mama atakubali. Nicole alijibu kwamba hilo aulizwe mama mwenyewe.

Walitembea pamoja hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi. Upepo ulitoka majini, na Nicole alitembea hatua moja mbele, viatu vipya vikimuuma. Séraphine alimpongeza. Nicole alisema ahsante, kwa Kiswahili, kama mtu anayepokea chenji.

Walikuwa wamepanga kula pamoja Alby; samaki alikuwa amekwisha kutiwa viungo. Mbele ya vizuizi vya kituo Nicole alisimama.

"Ulimwona tena?" aliuliza.

"Harusini. Tulialikwa wote wa studio."

"Ukaenda."

"Nikaenda."

Nicole alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Alisema kwamba leo hataweza kuja kula. Si kwa hasira, alisema. Au labda ni kwa hasira, hajui bado. Atampigia simu. Alimshika mama yake mkono kwa muda, akauachia, akapanda ngazi kurudi juu, na Séraphine hakumwita, kwa sababu hakuwa na la kumwambia ambalo lingekuwa la kweli na la kufariji kwa pamoja.

Treni ya Norsborg, ile inayopita Alby, ilikuja ikiwa na watu wengi wanaorudi kutoka kazini. Alipata kiti. Mkabala naye aliketi msichana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, mkoba wa shule miguuni, akijitazama kwenye simu yake, akivuta mashavu ndani, kisha akiyajaza pumzi, kisha akicheka peke yake. Uso ulikuwa laini kote, haujaandikwa kitu. Desturi ya Séraphine mbele ya nyuso kama hizo ilikuwa kutazama dirishani. Safari hii alijilazimisha kutotazama dirishani. Alimtazama msichana huyo kituo baada ya kituo, mpaka msichana akainua macho na kumuuliza kwa Kiswidi kama kuna kitu.

"Hapana," alisema Séraphine. "Hakuna kitu." Na bado alimtazama.